Swali la Tano

Salhiya binti Duni ni muuguzi wa mapokezi ya dharura kwa mwaka wa ishirini na sita sasa, na bado hajatokea mtu aliyemwona akikaa kitako kabla ya saa nne asubuhi. Hutoka kwake Mkunazini kumeshapambazuka, mkoba begani, viatu vyake vyeupe vya kazi vimefungwa ndani ya kitambaa, maana kuvivaa njiani hataki hata umpe nini. Hupita vichochoro vile vile, huamkiana na watu wale wale, na akifika hospitali hunawa mikono mara mbili. Ukimuuliza mara ya pili ni ya nini, atakutazama kama umetukana.

Alizaliwa katika nyumba ya washona kofia. Mama yake alikuwa akitoboa viua, vile vitundu vidogo vinavyofanya nakshi ya kofia, na Salhiya tangu hajaanza skuli alipewa kazi ya kuvihesabu. Kikipungua kimoja nakshi nzima huenda upande, na hapo hapana dawa ila kufumua. Kuhesabu kukamwingia mwilini. Mpaka leo anahesabu mashuka, anahesabu chupa za dripu, na anajua kwamba kutoka getini mpaka mlango wa dharura ni hatua sabini na moja, sabini na mbili kukiwa na matope. Wenzake humcheka. Naye huwaacha wacheke, kisha huwauliza shuka la kumi na tisa liko wapi.

Ndiyo maana Daktari Hafiz alipokuja na fomu yake ya alama, wauguzi wengine walinung'unika lakini Salhiya aliipokea kwa mikono miwili. Hafiz ni kijana wa Tumbatu, mpole, aliyesomea bara na kurudi na tabia ya kueleza jambo mara tatu. Siku hiyo alieleza mara nne. Mtu akija ametapika damu, alisema, au ametapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa, basi huenda tumboni mna mahali panavuja. Wengine wanavuja kidogo na watapona kwa vidonge. Wengine wanaonekana wazima, wanazungumza, wanacheka, na kesho wamekufa. Kwa macho huwezi kuwatenganisha.

"Kwa hivyo msinambie hali yake nzuri au mbaya," alisema. "Nambieni ana alama ngapi."

Fomu ilikuwa na maswali manane. Presha, mapigo ya moyo, wingi wa damu, na kipimo kinachoitwa yurea: hayo manne hujibiwa na mashine na maabara. Kisha manne ya mdomo: choo kimekuwa cheusi? Amezimia? Ana maradhi ya ini? Ana maradhi ya moyo? Kila jibu lina alama zake. Mwenye sufuri au alama moja hupewa vidonge, akapangiwa siku ya kuja kutazamwa tumbo kwa kamera, akaenda zake. Mwenye mbili na kuendelea halali nyumbani. Vitanda ni vichache na kamera ni moja, kwa hiyo lazima ijulikane nani anaihitaji leo na nani anaweza kusubiri.

Salhiya aliipenda fomu ile kama alivyopenda kofia iliyotimia. Katika miezi mitatu akawa anaimaliza sehemu ya maswali kwa dakika tatu, wenzake wakihangaika nayo dakika kumi. Hafiz akamsifu mbele ya kikao kizima, na Salhiya, ambaye hapendi kusifiwa, alilisimulia jambo hilo nyumbani kwake, kwa jirani, na kwa dada yake wa Kizimkazi kwa simu.

Sasa, siku ya Jumatano moja, saa tatu na nusu asubuhi, aliingia mwanamke wa Paje aitwaye Mwatima. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na minne, mwembamba, viganja vimekauka kwa chumvi na kamba za mwani. Alikuja mjini wiki tatu nyuma kumuuguza binti yake Yusra aliyejifungua mtoto wa kwanza, kule Kiembe Samaki. Alikuwa akimchemshia maji, akimkanda asubuhi na jioni, akimpikia uji wa pilipili manga, akimwogesha mjukuu. Asubuhi hiyo Yusra alikuta ndani ya beseni matapishi meusi ambayo mama yake hakuwahi kuyamwaga, akapiga kelele. Kwa kuwa mzazi hatoki nje mpaka zitimie siku arubaini, aliyemleta Mwatima hospitali ni mkwewe, mume wa Yusra, kijana aitwaye Shamsi anayepakia mizigo uwanja wa ndege.

"Nimetapika mara moja tu," alisema Mwatima. "Nlikula ovyo. Yusra ana hofu tu, mzazi yule."

Shamsi alisimama nyuma ya kiti, ameshika pochi ya mkwewe kwa mikono miwili, kama aliyekabidhiwa yai.

Salhiya akapima. Presha mia na kumi na mbili, haina neno. Mapigo tisini na mbili, hayana neno. Maabara wakaleta majibu: damu imepungua kidogo, alama moja, yurea haina neno. Nje foleni ilikuwa imefika mlangoni na mtoto mmoja alikuwa akilia kwa pumzi zake zote. Salhiya akashika kalamu.

"Choo chako kikoje, Bi Mwatima? Kimekuwa cheusi?"

"Hapana."

"Umezimia? Umeanguka siku hizi?"

"Hapana."

"Ini? Moyo?"

"Sina kitu miye, alhamdulillahi."

Mwatima alijibu huku akiuvuta mtandio mpaka karibu na macho. Shamsi alikuwa akitazama marumaru za sakafuni kwa makini makubwa, masikio yamemwiva. Salhiya aliliona hilo, akalichukulia kuwa ni adabu, na ni kweli ilikuwa adabu. Akaandika sufuri nne, akajumlisha: moja. Dakika mbili na nusu. Hafiz akasoma, akatia saini, Mwatima akapewa vidonge na karatasi ya kurudi Jumatatu, na saa tano alikuwa ameshaondoka.

Saa saba na robo, Salhiya yuko chumba cha chai, simu yake ikalia. Alikuwa Usi, mume wa binti yake, mtu mstaarabu anayepiga simu kila Jumatano na kila Ijumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo. Mama, mwenzangu kanambia unaumwa tumbo tangu juzi."

"Tumbo?" Salhiya alisema. "Hata! Kichwa tu kilinigonga kidogo. Nshapoa, baba."

Wakaagana kwa dua. Salhiya akaiweka simu mezani, akacheka peke yake, maana urojo alioula Jumatatu ulikuwa umempeleka msalani mara nne tangu alfajiri, na ya tano ilikuwa njiani. Muuguzi wa miaka ishirini na sita kazini, aliyeosha watu wazima na kusema mbele ya umati maneno ambayo wengine hawayasemi hata gizani, ameulizwa habari ya tumbo lake na mkwewe na uongo umemtoka kabla hajafikiri. Na angefanya nini? Mkwe ni mkwe. Kuna wanawake hapa kisiwani hawali mbele ya mkwe, sembuse kumhadithia ya chooni.

Akaacha kucheka, asubuhi ile ikamrudia machoni.

Alimwona Mwatima akivuta mtandio. Alimwona Shamsi na pochi yake, masikio yamemwiva, hatua mbili tu kutoka kwenye kiti. Akayaona na maswali yake mwenyewe, choo chako kikoje, ameyatupa pale hadharani kama anayeuliza bei ya muhogo. Yule mama angejibu nini zaidi ya hapana? Hata angekuwa anakufa angesema hapana.

Alitamani, na hili halifichi, fomu ile isionekane tena. Jina lake lilikuwa pale chini, kwa mwandiko wake mzuri. Lakini aliinuka, akaenda moja kwa moja chumba cha Hafiz.

"Daktari, yule mama wa Paje tumempeleka nyumbani kimakosa. Yaani nimempeleka miye."

Hafiz akaitazama fomu. "Ana alama moja, Bi Salhiya."

"Ana moja kwa sababu nlimuuliza mbele ya mkwewe."

Tumbatu nako wana wakwe. Hafiz aliiweka fomu mezani taratibu, akasema, "Mpigie."

Namba iliyoandikwa ilikuwa ya Shamsi. Salhiya akampigia, akamsalimu vizuri, wala hakumuuliza lolote ila namba ya mkewe. Yusra akapokea, kichanga kinalia pembeni, akasema mama yupo, anachemsha maji.

"Mwambie aende uani na simu. Peke yake."

Akasikia kandambili zikibururwa, mlango ukifungwa, ndege ikiunguruma juu ya paa. Kisha Mwatima akasema, "Naam."

"Bi Mwatima, ni Salhiya wa hospitali. Kwenye simu tupo wanawake wawili tu. Asubuhi nimekuuliza vibaya, na kosa ni langu, si lako. Sasa nakuuliza tena. Choo chako rangi gani?"

Mwatima akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono.

"Wino wa pweza," alisema Mwatima.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Kinanata, na kinanuka vibaya, dada yangu, mpaka naona haya nafsi yangu."

"Na kuanguka?"

"Jana chooni. Nlisimama tu, dunia ikazima. Nlipozindukana shavu langu liko sakafuni. Nkawambia nimeteleza."

Salhiya hakuhitaji kalamu. Moja ya damu, moja ya choo, mbili za kuzimia. Mwanamke aliyemwandikia alama moja alikuwa na nne, na saa mbili nzima alikuwa ameinama juu ya jiko akichemsha maji. Salhiya akamuuliza kama kuna dawa anazokunywa, na hapo ndipo ilipotoka habari ya vidonge vya mgongo. Mwani unavunja mgongo, alisema Mwatima, kwa hiyo kwa miaka sita alikuwa akinunua vidonge vya maumivu dukani, akivimeza kila siku, mara nyingi na tumbo tupu.

"Basi rudi sasa hivi. Hapo tumboni panavuja."

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Yusra ana siku ishirini na mbili tu za uzazi. Mama wa Shamsi alishafariki, mashangazi wako Pemba. Nikilazwa, nani atamkanda mwanangu? Nani atampa uji? Nimengoja mjukuu huyu miaka saba, bibi wee. Nitakuja Jumatatu kama mlivyosema."

Alisema bila ubishi, kama mtu anayeeleza ratiba ya maji kupwa na kujaa. Salhiya alijua kwamba hapo vitisho havitafaa kitu. Mtu ambaye amejificha siku nne ili asiache kazi yake hatishiki na habari ya kufa. Hafiz alikuwa mlangoni akisikiliza upande mmoja wa maneno, akimfanyia ishara aseme kitu, chochote.

"Nitamkanda mimi," alisema Salhiya.

"We?"

"Mimi. Natoka zamu saa nane na nusu. Leo jioni nitakuwa hapo, na kesho, mpaka utoke. Binti yangu nimemkanda uzazi mara tatu na mpaka leo hana kiuno cha kulalamika."

Kisha Mwatima akauliza, kwa sauti ya mtu anayemwajiri mwingine na hana hakika naye, "Unaanza na wapi?"

"Kiuno. Halafu tumbo, kutoka juu kwenda chini."

"Maji usimtie ya uvuguvugu. Atakwambia anaungua, usimsikilize."

"Simsikilizi."

"Haya. Namwita Shamsi."

Walifika saa tisa kasorobo kwa gari ya kukodi. Salhiya alikuwa ameshavua viatu vyeupe lakini hakuwa ameondoka. Alikwenda kumpokea getini na kiti cha magurudumu, akampitisha zile hatua sabini na moja. Katika hatua ya hamsini na kitu Mwatima alishika tumbo, akainama, akatapika. Safari hii haikuwa machicha ya kahawa, ilikuwa damu nyekundu, nyingi, juu ya buibui na juu ya miguu ya Salhiya. Mapigo yakapanda hadi mia na kumi na nane, presha ikashuka chini ya mia. Lakini alikuwa hapo. Dripu mbili ziliingia mara moja, damu ya kuongezwa ilikuwa imeshaombwa tangu ile simu, na Hafiz hakulazimika kueleza jambo lolote zaidi ya mara moja. Kabla ya magharibi kamera ilikuwa imeingia, kidonda kikaonekana, mshipa uliokuwa ukivuja ukazibwa.

Salhiya hayo ya kamera aliyapata kwa simu, maana wakati huo yeye alikuwa Kiembe Samaki, mikono yake ndani ya maji ya moto. Yusra alikuwa amelala kwenye mkeka, kitambaa cha moto kiunoni, machozi yanamtoka bila sauti.

"Mama aliniambia ameteleza," alisema. "Nikamlaumu Shamsi kwa kumwaga sabuni."

"Tulia. Ninaanza kukanda tumbo."

"Bi Salhiya, unaniunguza!"

"Mama yako kaniambia nisikusikilize," alisema Salhiya, na Yusra akacheka huku akilia.

Alipomaliza, akamfunga tumbo kwa kanga, akampa uji, akatoka uani kumwaga maji. Shamsi alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Alikuwa ameshapewa habari kwamba mkwewe yu salama, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi. Alisimama, akamsaidia kubeba ndoo, akaiweka chini, akabaki ameinamia ndoo ile.

"Bi Salhiya, mimi nlijua."

"Ulijua nini?"

"Tangu Jumatatu. Nliingia chooni nyuma yake. Maji ya ndoo hayakumtosha kumwagia vizuri. Nkaona. Weusi ule si wa kawaida, hata mtu asiyesoma anajua. Ndiyo nikaomba ruhusa kazini leo nimpeleke mwenyewe, asipelekwe na mtu mwingine. Nkasema daktari atauliza."

"Na niliuliza."

"Uliuliza." Shamsi akajifuta uso kwa kiganja. "Na mama mkwe kasema hapana. Ntasemaje, Bi Salhiya? Nimwambie mbele yako kwamba mama yangu mkwe mwongo, na kwamba nimeona choo chake?"

Salhiya alitaka kumgombeza. Maneno yalifika mdomoni, na wanaomjua watakwambia maneno yake hayana urafiki. Kisha akakumbuka chumba kile cha asubuhi: watu wawili wameshika jibu lile lile, kila mmoja anamstahi mwenziwe, na yeye katikati na kalamu yake, anawahi. Angemtoa mmoja wao nje dakika moja tu, yeyote kati yao, angelipata jibu.

"Hukukosea wewe," alisema. "Jaza ndoo, baba. Kesho nataka maji mengi zaidi."

Asubuhi ya Alhamisi Salhiya alifika kazini, akanawa mara mbili, akachukua fomu ya kwanza ya siku. Juu ya swali la kwanza akaandika kwa kalamu: Msindikizaji atoke nje. Naye aulizwe, peke yake. Hafiz akaisoma, akaipeleka kuchapishwa hivyo hivyo, na tangu siku ile fomu za pale zina mstari huo. Dakika tatu za Salhiya zimekuwa nane. Kwenye kikao hakuna anayemsifu tena kwa haraka, na dada yake wa Kizimkazi hajapigiwa simu juu ya hilo.

Kisha akapanda wodini. Mwatima alikuwa amekaa kitandani, uso umeanza kurudiwa na rangi. Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu Yusra, amekandwa vipi, amekula nini, mtoto amelala saa ngapi, na Salhiya akajibu yote kwa utaratibu kama anayekabidhi zamu. Alipotosheka, Mwatima akatazama huku na huku, akamshika mkono akamvuta karibu.

"Mkwe wangu," alinong'ona. "Ile habari ya choo. Hukumwambia?"

Salhiya akamtengenezea shuka, akalikunja pembeni, akamtazama usoni bila kupepesa.

"Shamsi hajui kitu," alisema.

Mwatima akafumba macho, akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akalala usingizi wa kweli.